Uso Nilioambiwa Nisiusugue

Mwanangu Zuhura,

Salamu nshakupa asubuhi uliponibusu mkono, na kesho bandarini nitakupa nyengine mbele za watu, kwa hivyo hapa naziruka. Nnaandika alasiri, wewe na mumeo mmekwenda Kidichi kumuaga bibi yako, na nyumba imenyamaza mpaka nnamsikia baba yako chini akipiga randa. Barua hii utaikuta sandukuni, chini ya khanga, ukishafika Wete. Usicheke mwandiko. Mie nlisoma Kurani chuoni na madarasa manne ya skuli, lakini mwalimu wetu alisema katika wasichana wote herufi zangu ndizo zilizosimama. Za wenzangu zililala kama walevi.

Sitakuandikia namna ya kuchagua samaki, wala kuchemsha maji, wala kuishi na mume. Mengine unayajua, na usiyoyajua Hamadi atayala hivyo hivyo na kushukuru. Mchuzi wako wa papa umeshaushinda wangu. Hapana, nimekosea. Haujaushinda, umeukaribia.

Nnataka kukuandikia habari ya uso wako.

Unanijua mie nani katika mji huu. Mimi ni Moza msingaji, nnayewapaka maharusi na kuwasugua ngozi. Tokea Malindi mpaka Vuga, harusi ikitajwa, watu wakishauliza nani anaoa, wanauliza Bi Moza keshaambiwa? Singo yangu haina mwenziwe. Mawaridi, asumini, kilua, rihani, karafuu iliyopondwa hata haikwaruzi, na liwa, ule mti wa kunukia, nnayoisaga mwenyewe juu ya jiwe lile lile aliloniachia mama. Bibi harusi nikimsinga wiki moja, akitoka ndani hata mamaake anamwangalia mara mbili. Kuna mume mmoja wa Mkunazini alinitumia doti ya khanga kwa shukurani, na nnaivaa mpaka leo, makusudi, nikipita mlangoni kwa mamaake aliyesema singo yangu ghali.

Basi Mwenyezi Mungu akanipa mie, Moza, mtoto mwenye chunusi.

Wala si chunusi za utoto. Za utoto zilikuja chache zikaenda zake. Hizi zilikuja ushakuwa mwalimu, mtu mzima mwenye mshahara wake. Zilikaa kwenye taya, zikazunguka kidevu, zikateremka shingoni, ngumu, nyekundu, zenye kuuma hata mtandio ukizigusa. Ukikaribia siku zako zinafura. Na siku zako zenyewe hazikuwa na miadi: mwezi huu zinakuja, mwezi ujao hazionekani, zikirudi zinakaa mpaka unachoka. Mie mamaako nliyaona yote mawili na sikuyaunganisha. Ngozi ya mwanamke naijua kwa vidole hata nikifumba macho, lakini kumbe nlikuwa naijua kwa juu tu, kama mtu anayeijua nyumba kwa mlango.

Maneno ya watu unayakumbuka. "Mwozesheni, zitakwisha." "Anakula sana karanga." "Ana jicho huyo." Na Bi Ruzuna, jirani yetu, shoga yangu na mshindani wangu wa maneno tokea tuko wasichana, yule hakusema nyumbani. Alingoja harusini, ukumbi umejaa, nami nimeketi mbele na khanga yangu ya Mkunazini, akasema kwa sauti ya asali:

"Shoga, singo yako nzuri mno, Mungu akuzidishie. Mbona nyumbani kwako haifiki?"

Wanawake walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nami nlicheka. Nikamwambia, "Mpishi mwema hujipakulia mwisho." Wakacheka tena, lakini walicheka la kwake zaidi, na mie masikio yangu hayasahau kicheko kimeelemea upande gani.

Nikarudi nyumbani nikakuweka kitako. Ndiyo, jioni ile ile. Nlikusugua uso kama sufuria ya wali ulioungua. Liwa, karafuu, ganda la ndimu. Ulivumilia, ulivumilia, halafu ukanishika mkono ukasema, "Mama, mimi si sufuria." Nikadhani unadeka. Kesho yake taya lilikuwa limewaka na vipele vyengine vimepasuka, ukajitanda mtandio mpaka machoni ukaenda kusomesha. Ulinambia baadaye kwamba skuli ulijizoesha kuandika ubaoni kwa muda mrefu, aya nzima nzima, ili usigeuke. Watoto wako walikuwa na mwandiko mzuri kuliko madarasa yote, na sababu yake ni hiyo. Neno lile lilinichoma, mwanangu, kwa kuwa mie nlikuwa nikikusifia kwa watu: mwanangu wanafunzi wake wanaandika kama wachapaji!

Halafu asubuhi moja, unafunga buibui, ukasema, "Nnakwenda hospitali. Ukitaka twende, ukitaka baki." Hukuomba ruhusa. Nlikwenda. Watu wanadhani nlikwenda kukuunga mkono, nami siwakatazi wakidhani hivyo, lakini nlikwenda ili nimwambie daktari kwamba tumeshajaribu vitu vya maana.

Daktari alikuwa yule mama wa Kizungu, mfupi, viatu vya kiume, na nesi wake wa Makunduchi, Bi Asha, akifasiri. Nlikuwa na maneno yangu tayari. Lakini hakuniuliza mie. Wala hakuanza na uso. Alikuuliza siku zako zinakuja vipi, zinakaa muda gani, vipele vinazidi lini. Nikamnong'oneza Bi Asha, "Maradhi yapo juu, mbona huyu anauliza chini?"

Bi Asha akamsikiliza daktari, akanigeukia. "Anasema ndani ya mwili mna wajumbe wanaopeleka habari huku na huku. Zuhura wajumbe wake wa aina moja wamezidi sauti. Wanaiambia ngozi itoe mafuta, itoe mafuta, mpaka vinyweleo vinaziba na kuvimba."

"Kwa hivyo mwanangu ana mkutano ndani?"

"Tena hauna mwenyekiti," akasema Bi Asha.

Ulicheka. Nilikuwa sijakuona ukicheka na mtandio umeshuka muda mrefu sana, na nadhani hapo ndipo nlipoanza kumpenda yule nesi, ingawa sikumwonesha.

Daktari akakupima presha. Akauliza kama kichwa kinakupasua upande mmoja, kama miguu huvimba, kama katika ukoo yuko aliyepata kuganda damu. Akauliza kama una mimba. Mie nikasimama. "Mwanangu hajaolewa!" Bi Asha hata hakuniangalia. "Anaulizwa kila mtu, Bi Moza. Hata wewe ungeketi pale ungeulizwa." Nawe ukajibu "Hapana" kwa sauti yako ya darasani, kavu, iliyonyooka, nami nikaketi.

Ukapewa vidonge. Vidogo, vimepangwa kwenye karatasi yake kwa mistari. Wakakwambia umeze kila siku wakati ule ule, baada ya chakula, maana mwanzo huenda vikakutia kichefuchefu. Usitarajie kitu kabla ya miezi kupita. Usimgawie mtu, kwani kila mwili na hesabu yake. Ukiona kichwa kinauma kuliko kawaida, au mguu umevimba, au kifua kinabana, acha na ukimbilie hospitali. Na Bi Asha akakufahamisha wazi, wala hakushusha sauti, kwamba ndivyo vidonge vile vile wanavyomeza wanawake wa ndoa kupanga uzazi, ila wewe unapewa kwa ajili ya wale wajumbe. Ukasema umefahamu. Mie nilisikia pia. Nikaliweka pembeni neno lile, kama mtu anavyokisukumia chini ya kitanda kiatu kisichompendeza.

Sasa nifike kwenye jiwe.

Najua unacheka tayari. Cheka. Mie pia nnacheka hapa peke yangu, baba yako ameuliza kuna nini.

Nlifikiri hivi. Kidonge kinaingia mdomoni, kinashuka tumboni. Tumboni mna wali, mna mchuzi wa papa, mna chai ya maziwa. Mpaka kijitoe huko, kije kipande mpaka usoni, kimebaki na nguvu gani? Si bora kipelekwe pale pale kwenye maradhi? Mtu aliyeishi kwa kusaga na kupaka, atafikiri nini chengine? Ulipokwenda skuli nikavitoa, si vyote, vya kunitosha, nikavitia juu ya jiwe na liwa na marashi ya mawaridi. Vilisagika vizuri, laini, kama vimeumbwa kwa kazi ile. Wallahi siku ile nlijiona hodari kuliko hospitali nzima. Nlishaona watu wanakuja kutoka Pemba kunifuata.

Jioni nikakupaka kabla ya chakula. Ulikubali kwa kuwa harufu nzuri na mkono wangu siku ile mwepesi. Nikakwambia, "Leo nimekutilia kitu." Tukala. Ukaenda chumbani. Halafu:

"Mama."

"Naam."

"Vidonge vyangu viko wapi?"

"Si unavyo?"

"Ninavyo wapi?"

"Usoni."

Baba yako alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Wewe hukucheka. Ulisimama na karatasi yako yenye matundu, na liwa imekauka usoni, na machozi yakajichimbia njia katikati ya liwa. Hapo ndipo nlipoona kwamba wewe ulikuwa na tamaa na vidonge vile. Mie nlikuwa na tamaa na jina langu.

Ikabidi turudi hospitali, maana kwa kukatika dozi damu ilikuja si wakati wake. Bi Asha akanisikiliza mpaka mwisho. Nlieleza vizuri, hata kiasi cha marashi. Akatikisa kichwa akasema, "Bi Moza, ukiwa na njaa, wali unajipaka mashavuni?"

Daktari alipofasiriwa aliuma mdomo, akageuka dirishani kama ana kitu cha kutazama nje. Akakupa karatasi mpya, uanze tena kwa utaratibu aliokueleza, nami nikaambiwa uso wako nisiusugue tena.

Na hapa, mwanangu, ndipo ninapotaka kukushukuru, kwa sababu sikukushukuru siku ile. Nlingoja unigombeze. Mwengine angenificha vidonge, angevifungia kabatini na ufunguo akautia kifuani. Wewe tulipofika nyumbani ulivitoa ukaniwekea mkononi, ukasema, "Viweke wewe. Kila siku baada ya chakula nipe kimoja na maji. Mimi nina daftari za wanafunzi, nitasahau." Uwongo. Hujasahau kitu tokea unazaliwa. Ulinipa kazi mahala pa kunipa lawama. Mie nimefunzwa na walimu, na somo yangu aliyenifunda, na mama mkwe mwenye ulimi kama wembe, na hapana aliyenifunza kitu kwa upole ule.

Basi nikawa mtunza dawa. Na unajua nikishika kazi. Chakula kikiondoka, Moza huyo na gilasi yake. Ramadhani ikaingia tukauliza hospitali, tukaihamisha saa, ikawa baada ya futari, nami nikawa naondoa sahani za uji mbio mbio nisichelewe. Mwezi wa kwanza ukapata kichefuchefu, vipele vikabaki vile vile. Wa pili nadhani vilizidi. Nlitamani jiwe langu, sikufichi. Vidole vilikuwa vikiniwasha. Lakini kila nikitaka kukushika uso namkumbuka yule nesi na wali wake.

Halafu siku moja baada ya Idi nakupaka hina miguuni, umeinamisha kichwa unasahihisha daftari, nikaona taya lako limetulia. Hapakuwa na kipya. Vya zamani vimelala, vimeacha madoa meusi, na madoa mengine unayo mpaka leo na sidhani kama yataondoka yote. Sikukwambia kitu. Niliogopa nikisema nitalitia jicho mwenyewe. Nikakupaka hina mpaka mguu wa pili nao ukaisha, halafu nikaenda jikoni nikasema alhamdulillahi na uso wangu ndani ya mlango wa kabati.

Ningenyamaza hivyo hivyo ingekuwa heri. Lakini mamaako unamjua. Baba yako husema, "Moza, mdomo wako una miguu." Posa ya Hamadi ilikuwa ishafika, siku inatafutwa, na mie nimeitwa kusinga nyumba moja ya watu wakubwa. Wanawake wakanisifia uso wako. Nimengoja sifa hiyo miaka! Ningeimeza vipi? Nikasema, "Si singo hiyo, ni vidonge vya hospitali. Vidogo, vimepangwa kwenye karatasi kwa mistari, kimoja kila siku." Nikawachorea na karatasi yenyewe hewani. Nikaona mama mmoja anamkonyeza mwenziwe. Mkwewe alikuwa akimeza vidonge hivyo hivyo, kwa lile jengine, la kupanga uzazi.

Kesho yake mtaa ulikuwa umeshajua. Zuhura binti Moza hajaolewa, anameza vidonge vya uzazi. Anazuia nini? Anaficha nini? Au mgumba, anatibiwa? Watu wale wale waliosema akiolewa zitakwisha, sasa walisema aliyeziondoa bila kuolewa kafanya nini. Na Bi Ruzuna ndiye shangazi wa Hamadi, na neno la ukoo ule linapita kwake.

Nlikuja kwako mbio. Nlikwambia, "Vitupe. Tutasema ilikuwa dawa ya minyoo." Ulikuwa unapiga pasi. Ukaweka pasi wima.

"Mama, nimefanya kosa gani?"

"Hujafanya."

"Basi niombe radhi ya nini? Mie nnaumwa, nimekwenda kwa daktari, nimepewa dawa. Nikivitupa leo, watasema kweli alikuwa anaficha."

"Na Hamadi je?"

"Hamadi anajua. Nlimwambia kabla hajaleta posa."

Nikaketi juu ya nguo ulizokwisha piga pasi. "Ukamwambia? Yote? Akasema nini?"

"Aliuliza kama vinauma kumeza."

Nimewahi kusifia watu wengi, mwanangu, na wengine nimewasifia kwa bei. Yule kijana nlimsifia pale pale bure.

Lakini Hamadi si ukoo. Bi Ruzuna alikuja alasiri, hakuleta kichekesho, hakukubali kahawa. Shoga akikataa kahawa nyumbani kwako, ujue amekuja na watu wengine kifuani. "Bi Moza," akasema, wala hakuniita shoga, "ndugu zangu wameniuliza neno, na mie sina jibu. Wakikosa jibu watairudisha posa."

Ukaingia wewe. Mtandio umeutupa begani, uso wazi na madoa yako. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Ukaketi chini mbele yake, ukamweleza. Taya, kidevu, siku zako, wajumbe, daktari. Hukuficha neno la uzazi, ulilisema kama unavyosema neno la darasani. Nlikuwa nikikutazama na kujiambia, huyu mie ndiye nliyemzaa? Nlikuwa na fahari na hofu pamoja, hata sikujua nishike lipi.

"Na watoto?" akauliza Bi Ruzuna.

"Siku tukitaka nitaacha kumeza, nimeshamuuliza daktari. Kupata au kukosa, hilo la Mungu, kwangu kama kwa mwanamke yeyote."

Bi Ruzuna akakunja pindo la buibui lake. Nliona uso wake bado umefunga. Alikuamini, nadhani, lakini alikuwa anafikiria atawapelekea nini wale waliomtuma. Habari ya kweli haina miguu. Iliyotoka imeshapiga mbio mji mzima, hii itaifikia lini? Akanigeukia. "Na wewe mama mtu, unasemaje?"

Zuhura, nlikuwa na maneno mengi ya fahari siku ile. Nlikuwa nayo tayari, ya ukoo wetu na heshima yetu. Nikayaacha. Nikasema, "Mie vidonge vyenyewe nilivisaga kwenye liwa nikampaka."

"Ulifanya nini?"

"Nlivisaga. Na marashi. Nikampaka usoni."

Hakuna aliyekuwa akijua habari ile nje ya nyumba hii na hospitali. Nlikuwa nimeificha kuliko dhahabu, na zaidi ya wote kwake yeye. Nikamsimulia yote, na "usoni" yangu, na wali wa Bi Asha. Bi Ruzuna alianza kwa kujizuia. Akashika mdomo. Akashika mbavu. Mwisho alilala juu ya mkeka wangu, machozi yanamtoka, anasema, "Moza! Msingaji wa mji mzima! Lete kahawa, shoga, nife nimekunywa."

Nlijua ataitangaza. Nlimpa kusudi. Tokea tuko wasichana yule mwanamke alikuwa akilitafuta neno la kunishinda, na mie nikamletea kwenye sinia. Mji hauna mabega ya kubeba maneno mawili ya nyumba moja; ulilitua la kwako ukabeba langu. Nikipita sokoni wananiuliza, "Bi Moza, leo umesaga nini?" Na kila anayeisimulia inabidi aeleze vidonge vilikuwa vya nini, la sivyo kichekesho hakikamiliki. Kwa hivyo watu waliocheka ndio wale wale waliofahamishana kwamba ilikuwa dawa ya chunusi. Posa haikurudi. Nlijua haitarudi. Wajua mie nina akili, ingawa siku ya jiwe ilikuwa safarini.

Ikaja harusi, na sasa nnakwambia jambo usilolijua, kwa kuwa ulikuwa umefumba macho. Siku ya singo yako ya mwisho chumba kilijaa. Walikuja kukutazama wewe, na walikuja kunitazama mie, Moza atamfanyaje mwanawe. Nlikusinga mikono, mabega, mgongo, miguu mpaka nyayo. Maisha yangu sijasinga vile. Nilipofika shingoni nikasimama, nikanawa vidole. Mama mmoja akasema, "Bi Moza, na uso?"

Nikasema, "Uso una daktari wake."

Wakatazamana. Na Bi Ruzuna, mwanangu, Bi Ruzuna aliyekuwa na nafasi ya kuniua pale mbele ya watu wote, alichukua ubani akaufukiza karibu yako, akasema, "Haya wenyewe, vigelegele basi, mnangoja nini?" Nami nikaona kwamba hata yeye nilikuwa simjui vizuri.

Sasa unakwenda Wete. Sandukuni nimekutilia singo, ya mikono na miguu, na nimeifunga vizuri isije ikanukisha daftari zako. Vidonge nimevitia juu, ndani ya kopo la majani ya chai, si kwa kuvificha, kwa unyevu wa bahari. Hospitali ya huko watakupima presha kama hapa. Mtunza dawa hana safari, kwa hivyo tafuta mwengine. Nadhani Hamadi ataiweza gilasi ya maji.

Siku mtakapotaka mtoto na ukaviacha, viache kwa shauri lako na la daktari. Ukiona bado unavihitaji, meza. Atakapokuja mtu na neno, na Wete nako wana midomo, hata akiwa shangazi, hata akiwa mie nimekuja kukutembelea na jiwe langu kwenye kikapu, mwekee pasi wima kama ulivyoniwekea. Mie sitakasirika. Nitakasirika kidogo, halafu nitakusifia kwa watu.

Nnawasikia mko mlangoni. Bibi yako amewapa mafenesi, harufu imeshapanda ngazi kabla yenu.

Kesho bandarini watakuwa wengi, na najua desturi yako ya zamani ya kujitanda mtandio mpaka machoni penye watu. Kesho nitakwambia usijitande. Mikono yangu nitainawa kwa maji matupu, isiwe na liwa wala karafuu. Nnataka kuushika uso wako mbele za watu wote, niushike tu, nisiusugue.

Mamaako anayekushukuru,
Moza msingaji